Kirusi Kilichopewa Jina Langu Bila Ruhusa

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Baiolojia,

Pokea salamu za heshima, na uniwie radhi kwa mwandiko. Naandika kwa hasira. Mimi ni shangazi yake Kijiko, mwanafunzi wako. Jina hilo tulimpa nyumbani kwa kuwa tangu utotoni hachoki kuchokonoa. Nimemlea mwenyewe tangu kaka yangu alipofariki, kwa hiyo haki ya kulalamika ninayo.

1. Mlimtuma udongo. Dunia nzima ina udongo, Mheshimiwa, ila yeye kachimba chini ya mawaridi yangu, tena kwa upawa wangu wa kupakulia.

2. Akarudi mbio kutoka maabara, akatangaza mbele ya wakwe zangu kwamba amepata virusi uani kwangu! Wifi yangu akarudisha kikombe mezani polepole. Kijiko akaeleza kuwa virusi hivyo haviwagusi watu, vinaua bakteria tu. Kwamba aliloweka udongo, akachuja maji yake, akayamimina kwenye kisahani chenye bakteria, na kesho yake akakuta vitundu angavu pale bakteria walipokufa. Nani alimsikiliza? Wageni walikuwa wameshavaa viatu.

3. Eti anayegundua ndiye anayetoa jina. Kirusi kikaitwa Shangazi. Nilipouliza kwa nini, mtoto akanijibu bila kupepesa macho kwamba ni kwa sababu hakipigi hodi.

4. Nikaja idarani kwako kuhakikisha. Picha yake mmeibandika ukutani, na chini yake mmeandika: “Shangazi. Kichwa kikubwa, mkia mfupi. Huingia kwa mwenyeji, huzaana humo, kisha humpasua.” Mheshimiwa, mimi nimezaa mara moja tu, na wenyeji wangu wote wako salama! Wakapita vijana wakisifiana kwamba Shangazi ni mkali, hata bakteria sugu hawamwezi. Nikakohoa. Hawakugeuka.

5. Nikambana Kijiko anieleze huo usugu. Akasema kidonda kilichomuua baba yake kilikataa kila dawa, naye anatafuta kitakachowaweza bakteria wa namna ile. Nikamwambia basi angalau mkia urefushwe.

Kwa hiyo naomba jina lifutwe, picha ibanduliwe, na udongo urudishwe kwenye mawaridi. Mkikaidi, nitakuja na kigoda changu nikae mlangoni pako hadi ustaafu.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa getini aliyenipa kiti, na bakteria wowote waliosalia.

Ni mimi niliyedhalilishwa kisayansi,
Shangazi (yule wa kuzaliwa)

Tanbihi: Nikiwa natafuta bahasha, Kijiko kapiga simu kusema kuna mwalimu anataka kirusi kiondolewe jina, kipewe namba tu. Namba! Kwani ni chumba cha hoteli? Mwambie asithubutu. Na ile picha, kama ipo kubwa zaidi, mpe Kijiko aje nayo; msumari nimeshaupigilia sebuleni.