Watu Wanne, Kidevu Kimoja

Jumatatu, 3 Machi

Leo mambo yamenyooka! Shule ya msingi ya mtaani kwetu imemaliza kupiga lipu ukuta wake unaotazama barabara, na kamati inataka ukutani pawekwe watu wanne waliobadilisha dunia kuliko wote katika historia. Mwenyekiti wa kamati ni Baba Mkwe. Amesema kazi apewe mtu wa karibu. Alikuwa ananitazama mimi? Hapana, alikuwa anatazama lipu. Lakini mtu wa karibu nilikuwa mimi, nimesimama hatua chache tu.

Mwalimu Mkuu, mama mpole sana, alisema yeye angeridhika na majina tu, yaandikwe kwa herufi kubwa nzuri kama zile nilizoandika juu ya duka la dawa. Hapo ningenyamaza. Mimi ni mchora mabango, na kwa herufi hakuna wa kunigusa. Lakini langoni alikuwa amesimama Stashahada. Huyu ni mchoraji aliyesomea chuoni na hawezi kukusalimia bila kuitaja stashahada yake, ndiyo asili ya jina. Akaniuliza, kwa ile sauti yake laini inayochoma, kama huwa nachora na nyuso au ni A, E, I, O, U tu.

Nikasema nyuso ndiyo raha yangu. Nikaongeza kwamba majina matupu ni ya makaburini.

Baba Mkwe akasema haya basi, nyuso. Tangu nimwoe binti yake ananiita "yule wa mabango". Siku ya uzinduzi atasimama mbele ya watu wote na kusema "huyu ni mkwe wangu". Nataka hilo tu. Sitaki kingine.

Kuna tatizo dogo. Sijui kuchora nyuso.

Jumanne, 4 Machi

Nimejidhulumu jana. Najua kuchora uso mmoja. Zamani, nilipoandika bango la bucha, nilimsimamisha muuza nyama juani, nikafuata kivuli cha kichwa chake ukutani kwa chaki, kisha nikakata kiolezo cha bati. Kichwa cha ubavuni: paji, pua, kisogo, na kile kidevu chake kinachomtangulia kila aendako. Tangu hapo kiolezo hicho kimekuwa kinyozi, daktari wa meno, fundi viatu, na bibi harusi mmoja kwenye bango la saluni. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Siku hizi muuza nyama na Baba Mkwe hawasalimiani. Wote wawili ni wazazi wa zamani wa shule, na wote wanagombea uenyekiti wa kamati, uchaguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Hayo ni yao.

Mke wangu ameniambia niende kwa Mwalimu Mkuu nikaseme ukweli, niandike herufi zangu, baba yake atazipenda. Nimemwambia haelewi mambo ya sanaa. Akasema ni kweli, yeye anamwelewa baba yake tu. Akaendelea kukunja nguo.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha kuchagua watu wanne. Nimehudhuria kama mtaalamu.

Balaa! Mwalimu wa historia anamtaka Aleksanda Mkuu na Kleopatra. Mwalimu wa sayansi anamtaka Newton na Einstein. Chai haijapoa tayari wameshikana mashati kwa maneno. Wa historia anasema bila wafalme hata mipaka isingejulikana. Wa sayansi anasema wafalme waligombea ardhi tu, Newton ndiye aliyeeleza kwa nini tunabaki juu yake. Wa historia akauliza kabla Newton hajaeleza watu walikuwa wanaelea? Baba Mkwe akagonga meza. Mama fundi cherehani, mwakilishi wa wazazi, akauliza hao wakubwa wote nani aliwashonea nguo.

Mimi jasho jembamba linanitoka. Hao wote wana sura zao vitabuni. Einstein hata watoto wa chekechea wanamjua. Nywele zake ningeziweza. Kazi ni mtu aliye chini ya nywele.

Kikao kimeahirishwa hadi kesho. Nikiwa njiani narudi, swali la fundi cherehani likanirudia. Nani alibuni sindano? Hajulikani. Alikuwa na sura gani? Haijulikani! Nikasimama katikati ya barabara. Mwendesha baiskeli akanitukana. Nikamshukuru.

Wazo hili ni langu kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi!

Nilisimama, nikakohoa kidogo kama wafanyavyo wasomi. Nikasema kuvuma ni jambo moja, kuibadilisha dunia ni jambo jingine. Mfalme anavuma, kisha anakuja mfalme mwingine na kufuta. Lakini aliyewasha moto wa kwanza, nani amemfuta? Aliyefukia mbegu ya kwanza? Aliyetengeneza gurudumu? Aliyeandika herufi ya kwanza? Waondoeni hao wanne, nikasema, halafu mniambie Newton angepata wapi nafasi ya kufikiri. Angekuwa juu ya mti anamkimbia simba.

Mwalimu wa historia akavua miwani. Mwalimu wa sayansi akasema, kwa unyonge, kwamba huenda moto haukuwashwa na mtu mmoja bali na wengi, mahali pengi. Nikasema tutamchora mmoja kwa niaba ya wenzake. Mwalimu Mkuu akaomba angalau mmoja awe mwanamke. Nikasema kilemba si shida. Fundi cherehani akauliza sindano imekwenda wapi. Nikamwambia ukuta ni mfupi. Akaninunia.

Wote wakakubali. Wakati tunatoka Baba Mkwe akaniuliza kama maneno yale niliyasoma mahali. Nikasema huwa nafikiri. Akanitazama, akasema, "Kumbe."

Kumbe! Kwa Baba Mkwe hiyo ni hotuba.

Sasa nani atasema hawafanani? Nani aliwahi kuwaona?

Jumapili, 9 Machi

Nachora nyuma ya mashuka ya kukodi. Kiolezo kinafanya kazi vizuri. Wa moto nimempa ndevu. Wa mbegu nimemfunga kilemba. Wa gurudumu ana upara. Wa herufi ana nywele nyingi, za Einstein, nisizipoteze bure. Kiolezo nimekigeuza, wawili wanatazama kulia na wawili kushoto, kwa hiyo ni kama wanabishana. Inafaa, ni historia.

Chini yao maandishi: ALIYEWASHA MOTO. ALIYEFUKIA MBEGU. ALIYETENGENEZA GURUDUMU. ALIYEANDIKA HERUFI. Ile R ya gurudumu nimekaa chini kuitazama mpaka rangi ikaanza kukauka kwenye brashi.

Stashahada alikuja kuchungulia. Nikamwambia kazi ya sanaa haichunguliwi. Akasema amesikia nimechagua watu ambao hakuna anayewajua, akanipongeza kwa kuchagua vizuri. Wivu mtupu.

Jumanne, 11 Machi

Uzinduzi. Naandika kwa ufupi maana kichwa kinagonga.

Shule nzima uwanjani. Wazazi wengi. Baba Mkwe kwenye kipaza sauti, suti ya kijivu. Akasema kazi hii imefanywa na kijana wa nyumbani. Akanyoosha mkono upande wangu. Akasema, "Huyu ni mkwe wangu."

Alisema! Watu wakapiga makofi. Mke wangu akanifinya mkono. Kama mashuka yangebaki pale pale, leo ningekuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani.

Mashuka yakaanguka. Halafu darasa la pili lote likaitikia kwa pamoja, kwa ile sauti ya kuwasalimia wageni: "Muuza nyamaaa!"

Ndipo na mimi nikaona. Muuza nyama mwenye ndevu. Muuza nyama mwenye kilemba. Muuza nyama mwenye upara, na huyo alikuwa yeye hasa, maana ana upara. Videvu vinne kando ya barabara. Nilihangaika kuchagua watu ambao hawawezi kukosa kufanana na wao wenyewe, sikuwaza kwamba wanaweza kufanana na jirani.

Naye alikuwepo. Alijipenyeza mpaka mbele, akasimama kiubavu chini ya yule wa gurudumu ili watu walinganishe. Wakalinganisha.

Baba Mkwe aliweka chini kipaza sauti bila kukizima. Uwanja mzima ukamsikia akimwuliza mke wangu, "Yule wa mabango yuko wapi?"

Nilikuwa nimesimama mbele yake.

Jumatano, 12 Machi

Baba Mkwe alikuja asubuhi kudai maelezo. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nilishaanza kueleza kwamba huenda wanadamu wa kale wote walikuwa na videvu vya aina ile, hodi ikapigwa. Muuza nyama! Mkononi paja zima la mbuzi, limefungwa vizuri kwa karatasi. Akasema kwa sauti ya sokoni kwamba hajawahi kuona kampeni ya namna ile, na kwamba akishinda Jumamosi hatanisahau.

Baba Mkwe akanitazama. Akalitazama paja. Akanitazama tena. Akaondoka, chai ameiacha nusu.

Nilimkimbilia hadi kona. Nikamwapia sikujua. Akasema anaamini kabisa kwamba sikujua, na hilo ndilo linalomsikitisha.

Inauma. Nimeandika niione. Inauma.

Mke wangu alilipika lile paja. Lilikuwa tamu. Tulilimaliza.

Alhamisi, 13 Machi

Kikao cha dharura. Stashahada ameitwa, amekuja na penseli sikioni. Penseli!

Mwalimu wa historia akasema haya yasingetokea kwa Kleopatra. Mwalimu wa sayansi akasema kwa mara ya kwanza anakubaliana naye. Fundi cherehani akasema aliyebuni sindano hakika hakuwa na kidevu kile.

Kisha Mwalimu Mkuu, Mungu amjalie, akasema jambo jepesi: nyuso zifutwe kwa chokaa, maandishi yabaki. Maandishi yale, akasema, watoto wameanza kuyaiga madaftarini. Yanatosha. Na Baba Mkwe akaitikia kwa kichwa! Akasema kweli, maandishi hayana kasoro.

Nilitakiwa kufanya kitu kimoja tu, kufunga mdomo. Nilikuwa nimeshaufunga. Lakini Stashahada akatabasamu.

Nikasimama. Sijui maneno yalitoka wapi. Nikasema tumekosea kutafuta sura zao. Watu hawa wametutangulia. Aliyekutangulia njiani unamwona nini? Kisogo. Tuwachore kwa nyuma, wanaenda zao, na sisi tunawafuata.

Mwalimu wa historia akavua miwani tena. Akasema hili ni wazo zito. Mwalimu Mkuu akasema linamgusa. Stashahada akatoa penseli sikioni, akasema chuoni hawakuwahi kufundishwa hivyo. Namwamini.

Ijumaa, 14 Machi

Visogo vinne. Kisogo ni duara na masikio mawili. Mbona sikuanza na visogo?

Jumapili, 16 Machi

Jana Baba Mkwe alishinda uchaguzi. Muuza nyama amesema ameshindwa kwa sababu sura yake ilifutwa ukutani mapema mno. Amesema pia nimrudishie paja. Mke wangu amemtumia salamu.

Leo jioni Baba Mkwe amekuja. Nilimsikia kabla hajaingia, jirani alimwuliza anamtafuta nani. Akajibu, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayesema anatafuta maji, "Mkwe wangu."

Hapakuwa na kipaza sauti. Nilikaa nyuma ya mlango kidogo mpaka macho yakauke.

Akaketi. Akanywa chai, safari hii yote. Akasema kila asubuhi anapita pale shuleni na kusoma yale maandishi, ingawa anayajua. Akasema ile R si mchezo. Kisha akasema amejenga geti jipya, na angependa niandike jina lake, na chini yake MWENYEKITI. Jina tu. Kwa herufi zangu.

Mke wangu alinitazama. Namjua. Macho yalikuwa yanasema: itikia, basi.

Nikasema, "Baba, jina tupu kwa mtu kama wewe? Hapana. Nitakuchora."

Akashtuka, kisha nikaona amefurahi. Akajishika kidevu. Akasema basi iwe sura ya mbele, visogo ameviona vya kutosha. Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Mke wangu akachukua vikombe, akaenda navyo jikoni, nikasikia kimoja kinavunjika.

Nimekaa na kiolezo changu. Hakifai, hata mimi naona. Lakini nimeshapata njia! Baba Mkwe ni mtu wa kusoma. Mtu wa kusoma hushika gazeti. Gazeti kubwa, limefunguliwa lote, kuanzia kifuani mpaka kwenye kofia. Na gazeti ni nini? Ni herufi tupu!

Kesho asubuhi naenda kumwuliza anapendelea gazeti gani.