Mkwe Wangu Apewe Kazi Isiyo na Magurudumu

Kwa Meneja wa Reli,
Ofisi ya Ghorofani.

Mheshimiwa Meneja,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mfuko wa saruji, ndani ya behewa lililopaswa kuondoka asubuhi. Halijaondoka kwa sababu mkaguzi mpya wa magurudumu amelichora msalaba wa chaki. Mkaguzi huyo, kwa bahati ambayo bado sijaamua kama niiite njema au mbaya, ni mume wa binti yangu. Usidhani basi kwamba naleta ugomvi wa nyumbani kazini. Yeye ndiye aliyeipeleka kazi nyumbani, kama utakavyoona katika lalamiko la nne.

1. Kijana huyu hutembea na kibati cha kupimia chenye pengo. Hupiga magoti kando ya kila gurudumu, hukipachika kibati chake kwenye ule ukingo wa chuma unaozuia gurudumu lisipande reli, kisha hutikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kata tamaa. Anasema ukingo umekuwa mwembamba na uso wa gurudumu umebonyea katikati. Anasema limelika. Mheshimiwa, nani hajalika? Magoti yangu yamelika, meno yangu yamelika, na hakuna aliyenipeleka karakana. Kama kulika ni kosa, stesheni nzima ifungwe, tukianzia ngazi za kupandia ofisini kwako.

2. Ameudharau utaratibu wetu wa kupakia, ambao ni wa haki na wa utu. Ni wa haki kwa sababu anayewahi ndiye anayekaa chini: unga hufika asubuhi, unakaa chini, saruji huja jioni, inakaa juu. Hatujawahi kuupendelea mfuko wowote. Ni wa utu kwa sababu mizigo mizito yote tunaibananisha upande wa kushoto, uliko mlango utakaofunguliwa mwisho wa safari, ili wapakuaji wenzetu kule wasihangaike kutembea. Wema huo hawajatushukuru, nasi hatujawadai shukrani. Mkwe wangu anasema saruji ikikaa juu behewa linalewalewa, na mzigo ukikaa upande mmoja, gurudumu la upande wa pili linabaki jepesi. Likifika konani linapanda reli. Anataka tushushe kila kitu na kupanga upya. Yeye wakati huo atakuwa ameshika chaki. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

3. Elimu yake inajipinga yenyewe. Aliwaambia vijana wangu kwamba behewa tupu lenye magurudumu yaliyolika huyumba kuliko lililojaa, hasa treni ikienda kasi. Nikamuuliza kwa adabu: kama mzigo ndio dawa, mbona anatupunguzia dozi? Akanitazama, akaenda kunawa mikono. Nikamfuata hadi bombani nikamfafanulia kwamba gurudumu likilika kulia, nasi tukipakia kushoto, kasoro hizo mbili zitalindana kama wezi wawili wa mtaa mmoja. Hakuandika hata neno.

4. Sasa nyumbani. Alipokuja kutusalimu alilitazama kabati letu la vyombo, ambalo limeuegemea ukuta tangu nilipooa, akamshauri mama mkwe wake ayashushe masufuria mazito kwenye rafu ya chini. Mke wangu, ambaye nikimwomba anisogezee kiti huniuliza kama sina mikono, aliyashusha siku ileile. Kabati sasa limesimama wima. Kila nikila, liko mbele yangu, limenyooka. Nauchukulia huo kuwa uchochezi.

5. Kuna na lile jambo dogo la konani, ambalo amelitangaza kama msiba. Behewa moja lilitoka relini. Halikupinduka, liliinama tu, likapumzika juu ya kokoto mpaka lilipoinuliwa. Tangu hapo dereva huipita kona ile akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Mkwe wangu anasema mzee wa watu anajiandaa kuruka. Mimi naona anapunga upepo. Na hata kama kona inatusumbua, kwa nini tuandamwe sisi? Iliyopinda ni kona. Inyooshwe. Ikishindikana, reli ya kushoto iinuliwe kidogo njia nzima, ili mabehewa yetu yaliyoinama yaonekane yamenyooka.

Kwa hayo yote, naomba mkaguzi huyu ahamishiwe kule mwisho wa reli, katika ofisi isiyo na magurudumu hata ya kiti. Simchukii. Ni mpole, anamtunza binti yangu, na hajawahi kunijibu kwa ukali, jambo ambalo nalo linaudhi. Lakini wewe mwenyewe, Mheshimiwa, hupongezwa kwa tani zilizoondoka, si kwa zilizofika, na akibaki hapa hutapongezwa tena.

Nisalimie mkeo na watoto, mhasibu, mlinzi wa geti, na katibu wako ambaye kila nikija huniambia umetoka huku nakusikia ukikohoa.

Ni mimi, niliyesimamishwa pamoja na behewa langu,
Msimamizi wa Wapakiaji.

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha ifunga bahasha na kurudi nyumbani, mke wangu aliponikumbusha kwamba mkwe akihamishwa, binti yetu atafuatana naye. Ana mimba ya miezi saba. Watasafiri katika lile behewa la abiria linalofungwa nyuma ya mabehewa yangu ya mizigo, na njia ni hiyohiyo moja, yenye kona hiyohiyo. Naogopa, Mheshimiwa. Basi kabla hajaondoka, mkwe wangu aikague treni hiyo mwenyewe, gurudumu kwa gurudumu, na asione haya kuchora misalaba. Behewa atakalolikataa libaki. Saruji nitaishusha kwa mikono yangu niipange chini, kushoto sawa na kulia, na dereva aambiwe apite konani taratibu. Wakishafika salama, tafadhali lirudishe lalamiko langu mezani na uturuhusu kupakia kama zamani, maana treni zitakazofuata zitabeba mabinti wa watu wengine.