Mguu wa Kati Usiguswe

Haya, tega sikio nikutegee. Nina mnyama wa miguu mitano. Hali, hanywi, haendi popote, na kila jioni anambeba mwenye nyumba mpaka asubuhi. Nani huyo?

Umesema kitanda, nimekusikia. Lakini huo mguu wa tano umeujua, au umeupita juu juu? Basi inama uchungulie chini ya hivi vitanda vya siku hizi, vinavyouzwa vipande vipande ndani ya katoni, ukafike nacho nyumbani mkiunge wawili huku mnanuniana. Miguu minne iko pembeni. Wa tano unasimama peke yake katikati, bomba la chuma lenye kofia ya plastiki chini, na huo ndio unaozuia mgongo wa kitanda usibonyee. Hadithi hii ni ya mguu huo, na ya bwana mmoja aliyeutamani kuliko watu wanavyotamani wake za wenzao.

Bwana huyo mtaani walimwita Injinia. Chuo cha uinjinia alikijua geti lake tu, maana aliwahi kuuza soksi pale nje. Lakini mdomo alijaliwa. Angekuomba viatu ulivyovaa, ungemvulia, kisha ungemshukuru kwa kuvipokea.

Siku moja mvua ilimsukuma kwenye kibaraza cha duka la samani. Akawa anatazama watu wakitoka na katoni zao vichwani. Mzee mmoja akarudi mlangoni akamwuliza muuzaji, "Na kikianza kulia?"

"Kaza skrubu."

"Ipi?"

Muuzaji akageuka akahudumia mwingine. Mzee akabaki amesimama na katoni yake kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiyejua anakula nini. Injinia akamtazama, akaitazama ile katoni, akatabasamu. Kazi alikuwa ameshaipata.

Kesho yake alionekana na ovaroli ya buluu, kifuani imeshonwa maneno *Huduma ya Afya ya Vitanda*. Akawa anabisha hodi nyumba kwa nyumba. Ukaguzi bure! Nani anakataa cha bure? Anaingia chini ya kitanda na tochi, anaguna, anavuta pumzi kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mama, kitanda hiki kina presha."

"Presha?"

"Tena ya kupanda. Lakini usihangaike. Kikianza kulia, nipigie."

Na kingeachaje kulia? Huko chini alikuwa amelegeza bolti tatu na ya nne kaitia mfukoni. Siku si nyingi simu inalia, Injinia anakuja mbio na "spea halisi ya kiwandani", nayo ni bolti aliyoichomoa kwa jirani. Mtaa mzima bolti zikawa kama watoto wa shule wakati wa likizo, leo zinalala kwa shangazi, kesho kwa mjomba. Watu walimlipa na kumwombea maisha marefu.

Ndipo akafika kwa Msusi.

Msusi alikuwa na saluni ndogo mbele na chumba nyuma, na chumbani kitanda kimoja cha katoni, kikuukuu. Wiki ile alikuwa anamsubiri mama yake, aliyevunjika nyonga na kufanyiwa upasuaji. Daktari alimwambia waziwazi: mgonjwa alale mahali imara, akianguka tena hatasimama maisha. Kwa hiyo Injinia alipobisha na ukaguzi wake wa bure, Msusi alimkaribisha kama malaika.

Malaika akalala chini, akaguna, akaondoka. Siku ya pili Msusi aliketi kitandani kuvaa viatu. Kitanda kikasema *kwaa!* na ubavu mmoja ukateremka mpaka sakafuni, na yeye nao. Alikaa pale chini kiatu kimoja mkononi, na alichokiwaza ni kimoja tu: angekuwa mama.

Mchana akasimulia saluni. Mwalimu aliyekuwa anasukwa akaruka kitini, "Hata changu! Alikuja akakikagua, siku ya tatu kikaanza kulia kama mbuzi."

"Akakutengenezea?"

"Alinifungia bolti mpya kabisa. Tena nzuri, ina urembo mwekundu kichwani."

Mkono wa Msusi ukasimama katikati ya msuko. Bolti za kitanda chake alizipaka mwenyewe rangi ya kucha, nyekundu, ile inayoshika, ili zisilegee. Kwa msusi hiyo ndiyo gundi ya kila kitu.

"Nyekundu iliyokolea au ya kung'aa?"

"Ya kung'aa."

"Mwalimu, umelalia bolti yangu."

Saluni nzima ikataka kwenda kumtoa mtu meno. Msusi akawatuliza. "Mkimpiga, mama yangu atalalia nini? Kipigo hakiungi kitanda. Niachieni mimi."

Akampigia simu kwa sauti ya asali. Injinia akafika na mkoba wake wa zana, akaanza kutikisa kichwa tangu mlangoni.

"Dada, nilikwambia presha."

"Ulinambia kaka yangu, kichwa changu kigumu. Sasa badilisha chochote unachotaka. Chaga, mbavu, bolti, vyote." Akachutama, akaupapasa mguu wa katikati taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto. "Ila huu wa kati usiuguse."

"Kwa nini?"

"Usiuguse tu."

"Fundi lazima ajue, dada. Una nini?"

Msusi akatazama mlangoni, akatazama dirishani, akashusha sauti. "Ya nyumba hii yaache ndani ya nyumba hii."

Jamani! Hapo akili ya Injinia ilitoka mbio, yeye akabaki nyuma anahema. Mwanamke wa saluni. Wateja kutwa. Benki hajawahi kuonekana. Na bomba la chuma, wazi ndani, limezibwa kofia! Kitu gani kingekaa humo kama si dhahabu?

"Dada," akasema, "una bahati. Kampuni ina promosheni. Ukarabati mkuu, bure."

"Bure kabisa?"

"Kabisa. Nakuonea huruma na mama yako."

"Ila spea ziwe kwenye pakiti, nizifungue mimi mwenyewe. Nina ushamba wa kupenda kufungua vitu vipya."

Akili iliyokwishaona dhahabu haibishani. Injinia akaenda duka la samani, lile lile, akaacha pale mapato yote ya bolti za watu. Akanunua chaga mpya, mbavu mpya, bolti ndani ya nailoni, na kwa siri mguu wa kati unaofanana na ule, kauficha ndani ya suruali. Alirudi anatembea kama mwenye goti bovu.

Kutwa nzima alifanya kazi, na hii, Mungu anisamehe, ilikuwa mara yake ya kwanza. Msusi kakaa kwenye stuli.

"Hiyo kaza tena."

"Imekaza, dada."

"Kaza nikusikie ukiguna."

Akaguna kweli. Mwishowe akapanguza jasho. "Dada, niletee maji ya sabuni nifute vumbi."

Msusi akaenda jikoni, akakaa huko muda wa kuosha sufuria zote za ukoo, kajiziba mdomo na kanga asisikike akicheka. Aliporudi, kitanda kilikuwa kimesimama kama askari, mguu wa kati ukimetameta, na fundi alishafika barabarani anachechemea mguu uliokuwa mzima asubuhi. Haraka yake ilikuwa kubwa hata mkoba wa zana kauacha. Jioni ile bolti zote za mkobani zilimwagwa kwenye bakuli la vibanio vya nywele, na kila mama akaja kuchagua ya kwake.

Chumbani kwake Injinia akafunga mlango na dirisha. Kofia ya mguu ikagoma. Koleo iko mkobani, mkoba uko kwa Msusi. Basi akaing'ata. Akavuta kwa magego, macho yamemtoka, mpaka ikachomoka *pwap!* na kutu yenye majimaji ikamtiririkia mdomoni. Dhahabu hapana. Noti hapana. Alisukutua mdomo mpaka dawa ya meno ikaisha, na ladha ile ikabaki imekaa juu ya ulimi kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Angemlalamikia nani? Utamwambiaje mtu kwamba kile nilichokuibia hakikuniridhisha? Lakini swali lilimwasha kuliko hasara. Kwa nini mguu usiguswe? Usiku akilala, linamgeuza. Jumamosi akashindwa, akaenda, kisingizio mkoba.

Mama mgonjwa alikuwa kitandani, amenyooka, uso umetulia. Pembeni ameketi mdogo wake Msusi, dereva wa lori, kifua kama kabati la milango miwili, ndiye aliyembeba mama toka hospitali.

"Karibu mwanangu," mama akasema. "Ndiwe fundi? Mungu akupe mke mwema. Nimegeuka usiku kucha, hakijalia hata kidogo."

Msusi akamkabidhi mkoba, mwepesi kama karatasi. Injinia akaupokea, asiondoke. Akakanyaga huku, akakanyaga kule.

"Una swali, fundi?" Msusi akauliza.

"La kikazi tu, dada. Ule mguu wa kati... ulisema usiguswe."

"Nilisema."

"Si kwamba niliugusa."

"Hapana, wewe tena!"

"Basi ndani yake kulikuwa na nini?"

Mama akamtazama binti yake. Binti akamtazama mdogo wake. Dereva akainamisha lile shingo la fahali, akaanza kuchezea ufunguo wa lori.

"Mwambie mwenzio," mama akasema kwa upole. "Kitanda hiki umekilalia wewe peke yako mpaka unaota ndevu. Kilikuwa kinabonyea katikati, vyote vinateremkia hapo."

Dereva akakohoa.

"Mkojo," akasema. "Wangu."