Boriti ya Babu yake Madam

Jumapili, 8 Novemba 2015

Kwa heshima na taadhima, natangaza: leo asubuhi nimekabidhiwa ngazi. Ya aluminiamu, mguu mmoja mfupi. Kuanzia sasa mimi, Severin, si kibarua wa kubeba plasta. Ni mtaalamu wa nyumba za kale.

Nyumba yenyewe ni ya marehemu babu yake Madam, nyuma ya hoteli moja ndogo hapa Al Muraqqabat. Kuta za matumbawe, mnara wa kupitishia upepo umejaa njiwa. Madam anataka itambuliwe kuwa ya kihistoria, na mhandisi wa mambo ya kale anakuja Jumapili ijayo. Mke wangu Auleria, mfanyakazi wa Madam kule Mirdif, ndiye aliyenipigia debe. Yeye asafishe, mimi nirekebishe. Kazi ikipendeza, chumba cha uani tunapewa sisi wawili, tuwe waangalizi wa nyumba. Tangu tufike Dubai mimi nalala kambini, Dubai Investments Park, na wanaume saba wanaokoroma kwa zamu. Yeye analala kando ya mashine ya kufulia. Chumba! Chenye mlango!

Madam kauliza kama nazijua boriti za mikoko, maana zilitoka Afrika. Nikamwambia nimezaliwa chini yake. Auleria akakohoa. Sisi ni watu wa Bukoba. Mkoko nimeuona kwenye kalenda.

Jumatatu, 9 Novemba

Nimepanda kuichunguza dari. Udadisi ndio ugonjwa wangu. Ajabu: vyumba vyote vyembamba, upana uleule. Nikapima kwa mikono, nikaelewa. Fundi wa zamani hakuchagua upana wa chumba. Mti ulipoishia, ukuta ukajengwa. Na hakuna aliyenifundisha! Nikamweleza Auleria. Akasema basi kambini kwetu walitumia mti wa kiberiti.

Boriti zote safi, zimenyooka, baridi kiganjani kama chupa ya soda. Mkoko halisi huo, haushiki joto. Isipokuwa moja, ya pembeni kabisa: imepinda, ina mchwa, inamwaga unga. Aibu ya familia.

Aloysius, Mganda, sekyuriti wa hoteli jirani, kaja kuchungulia. Kile chumba anakitaka yeye na mkewe Dorcus, hata njiwa wanajua. Akatazama juu, akasema, ssebo, yaani bwana, mbona hiyo mbovu tu ndiyo inafanana na mti?

Wivu.

Jumatano, 11 Novemba

Auleria kasema, Baba Koku, iache hiyo boriti, mngoje mhandisi. Nikasema sawa. Alipokwenda kuosha madirisha, nikaing'oa.

Mahali pake nimeweka bomba la chuma kutoka kambini. Nimelipaka kiwi ya viatu, halafu chai ya rangi iliyochemka sana. Ukisimama mbali, huoni tofauti. Ukipanda ngazi ukasogea karibu, pia huoni! Jambo hili limenishangaza kidogo. Nimelihesabu kuwa kipaji.

Ijumaa, 13 Novemba

Siku ya mapumziko. Aloysius kaleta nyama ya mbuzi, mimi nikaleta kuni. Mti mkavu namna ile hauhitaji hata mafuta ya taa! Moshi wake mtamu. Auleria kala mbavu kadhaa ndipo akauliza kuni zimetoka wapi. Nikasema Sharjah. Akaanza kuyachokoa majivu kwa kijiti.

Madam akapita na gari. Tukamkaribisha. Kala kipande, akaongeza cha pili, akauliza hizi kuni gani zenye harufu nzuri hivi. Nikasema, madam, hiyo siri ya kwetu pwani. Aloysius kacheka mpaka kofia ikaanguka kwenye kachumbari.

Jumapili, 15 Novemba

Mhandisi ni binti mdogo mwenye helmeti kubwa na kinyundo. Kapanda ngazi yangu. Akagonga boriti ya kwanza: ngee! Ya pili: ngee! Chuma. Zote chuma!

Madam hakushtuka. Kumbe dari ilivuja zamani, baba yake akaweka mabomba yaliyopakwa rangi. Alibakiza boriti moja tu, ile ambayo babu aliibeba begani kutoka bandarini. Hiyo ndiyo roho ya nyumba. Madam akanyoosha kidole: ile ya pembeni, iliyopinda kidogo.

Mhandisi akasogeza ngazi. Ngee!

Akasema kazi hii safi, imefanana kabisa na zile nyingine.

Wakanigeukia. Nikasema boriti iko kwa daktari wa mbao, inatibiwa mchwa. Itarudi Alhamisi, inshallah.

Jumatatu, 16 Novemba

Nimeokota nguzo nyuma ya ghala, karibu na kambi. Inanuka rangi, lakini chai itaitibu. Auleria kakataa kuchemsha. Akasema, Baba Koku, mwenzio aliubeba ule mti begani, wewe umeubeba tumboni. Anakwenda kumwambia Madam. Nikamuuliza, na chumba chetu je? Akasema ndiyo maana anakwenda.

Alhamisi, 19 Novemba

Auleria kasema yote. Madam akauliza kama na yeye alikula. Auleria akajibu ndiyo, madam, vipande viwili. Madam akacheka, halafu akafuta macho, halafu akakataa kabisa kuniangalia.

Auleria akafungua kanga. Ndani mlikuwa na gogo urefu wa mkono, limeungua upande mmoja. Aliliokota ile Ijumaa kwenye majivu. Mhandisi, aliyerudi kuiona boriti, kalipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Anasema huenda litatosha nyumba itambuliwe.

Chumba kapewa Auleria. Peke yake. Mimi naruhusiwa Ijumaa alasiri, kama mgeni, na Aloysius ndiye wa kunifungulia.

Sijakata tamaa. Nimeuchunguza mlango wa mbele. Wa kuchongwa, mzuri, lakini misumari yake ya shaba imeingia kutu ya kijani. Nitaing'oa yote kimyakimya, niweke mipya inayong'aa. Madam atanisamehe papo hapo. Nahitaji ngazi tu.

Ngazi imo ndani. Ufunguo anao Aloysius.