Ukuta wa Nne, Mto Mississippi

Jumatano, 12 Julai

Zimebaki siku tatu! Jumamosi klabu yetu inashindana kuvua samaki aina ya besi, na safari hii Ukuta wa Nne unarudi kwa mwenyewe. Mwenyewe ni mimi. Nani aliugundua, miaka kumi na miwili iliyopita? Mimi, kwa kuugonga na propela! Ni mawe ambayo serikali iliyapanga chini ya maji zamani ili mkondo ukimbilie katikati ya mto, na wakati wa joto besi wa rangi ya shaba hujipanga nyuma yake kama watu wanaongoja soseji. Propela ilikufa. Mimi nikaweka alama. Na nani anaufaidi? Shemeji Orrin Kvamme, kaka wa mke wangu. Miaka mitatu mfululizo!

Desturi ya klabu: mshindi huchagua pahali pake mtoni, wa pili naye huchagua, na mwanachama mwingine hatupi ndoana hapo mpaka majani yapukutike. Hakuna polisi. Aibu tu, nayo inatosha. Mwaka jana Orrin alinizidi kwa pauni 0.11. Huo si ushindi, ni mate ya samaki.

Mtu kama mimi, aliyeanza kufunga mifereji ya mapaa kwa ngazi ya kuazima, leo ana magari mawili, hawezi kushindwa na mtu aliyerithi boti. Haiwezekani.

Alhamisi, 13 Julai

Nimefanya mazoezi ukutani. Mbinu ya wakubwa: nimekata ndoana za chambo bandia kwa koleo. Samaki anauma, anavuta, anaachia. Hajaumia, hana kinyongo, ananisubiri Jumamosi. Kwa kuwa mimi si mtu wa nusu nusu, nimekata za sanduku zima.

Dakika 90, chambo kimeumwa mara 31! Kwa saa nane za shindano hiyo ni mara 165. Wanaopimwa ni watano. Ziada: 160. Nimemsomea mke wangu Marlys hesabu hii mezani. Ameniuliza kama nimewahi kufikiria kwenda kuvua tu, kama watu wengine. Huo ni ukoo wa Kvamme unaosema.

Ijumaa, 14 Julai

Siku ya hila! Nimetia nanga katika Ghuba ya Matope, penye mayungiyungi na harufu. Miaka minne nimevua humo: besi wawili, kandambili moja. Orrin alipokaribia na darubini yake, nikatosa ndoo upande wa pili wa boti, imefungwa kwenye mshipi wangu. Ufito ukapinda kama upinde! Nikaguna. Nikapiga magoti. Nikamwita Mungu. Nimerudia mara tatu, mgongo hauna hali.

Jioni Orrin kapiga simu, sauti ya asali, kuuliza kama mikono inaniuma. Nikamjibu kwamba sijui anazungumzia nini. Ameingia!

Jumamosi, 15 Julai

Saa kumi na mbili kamili asubuhi, boti zimeondoka. Orrin kakata kushoto, moja kwa moja matopeni! Nimepiga kelele peke yangu mto mzima.

Ukutani: kuumwa mara 11, samaki 11 wamepotea. Nikalaumu mshipi. Nikalaumu mwezi. Wa kumi na mbili alikuja mpaka ubavuni mwa boti, akanitazama, akafungua mdomo akaenda zake kama mtu anayerudisha kijiko. Nikatazama chambo. Hakina ndoana. Cha pili, hakina. Sanduku zima!

Chambo kimoja tu kilisalimika, chenye kutu, kilichonasa kofiani tangu Mei. Nimekitumia saa sita. Watano! Pauni 15.06! Nimerudi mbio, tangi la maji limejaa samaki hai.

Mama Delphine, mwenyekiti wetu, anasimamia mizani na hacheki na mtu. Ya kwangu: 15.06. Watu wakapiga makofi. Ya Orrin: 17.88. Besi wa kijani, wanene kama mikate, wote wa Ghuba ya Matope! Kanishukuru mbele ya halaiki. Kasema: nilikuona jana, shemeji, ukivuta kama unang'oa kisiki, nikajua pale kuna kitu.

Kisha Mama Delphine kamwambia achague. Kachagua ghuba! Mimi wa pili, nikachagua kabla hajamaliza sentensi yake. Ukuta wa Nne ni wangu! Wangu! Soseji nne nimekula.

Jumapili, 16 Julai

Nimevua ukutani kwangu kabla ya kanisa. Besi tisa kwa saa moja. Hakuna hata mmoja aliyenifurahisha. Kwa nini mtu aache ukuta wa miaka mitatu? 17.88 toa 15.06 ni 2.82. Hapo ndipo jibu lilipo! Shemeji ana siri matopeni.

Baada ya ibada nimemshika Orrin kwenye maegesho, nimemwambia tubadilishane, ukuta kwa ghuba. Kaniambia niseme tena. Nikasema. Kaniambia niseme tena, polepole, Marlys asikie. Marlys kaweka kiganja kwenye paji la uso wangu kupima homa. Orrin kakubali kabla sijataja sababu hata moja. Mtu asiyejua hesabu ni rahisi kummaliza.

Jumatatu, 17 Julai

Mto umeshuka inchi tano. Ghubani mayungiyungi yamelala juu ya tope, na maji yaliyobaki yana joto la kuchemshia yai. Kwa saa sita nzima: kuumwa mara sifuri. Ni dalili nzuri sana! Wale wa Orrin walikuwa wadogo wadogo tu. Wakubwa wako chini, wanatulia.

Hatari ni moja: Orrin akizinduka, ataitaka ghuba yake. Nimemwandikia Mama Delphine pendekezo: pahali pakishabadilishwa, pasirudishwe kabla ya Oktoba, kwa sababu yoyote, hata mwenyewe akilia. Kanitazama juu ya miwani. Kaniuliza, Verlyn, una hakika? Nikamwambia apige muhuri. Orrin kaweka saini ya shahidi huku machozi yanamtoka na mabega yanarukaruka.

Maskini. Ameelewa amechelewa.