Muuaji Mwenye Adabu

Jumatatu, 3 Juni 1957

Mtazamaji: mtu aonaye tendo asilolitenda wala asiloweza kulizuia, na ambaye tendo likiisha huvaa kofia yake na kwenda nyumbani. Nimeitunga fasili hii leo kabla ya chai. Haina dosari. Mpango wangu wote umesimama juu yake.

Mpango wenyewe ni huu. Bibi Rahema, mjane mwenye mkahawa hapa Majengo, Embu, ameposwa na watu wawili. Wa kwanza ni mimi, Idrisi, mkalimani wa mahakama. Wa pili ni Kasim, muuza nyama. Amesema atatujibu kabla ya Idi ya Kuchinja. Kasim humpelekea maini kila Ijumaa. Mimi humpelekea mazungumzo. Maini yanaelekea kushinda.

Kwa hiyo, igizo! Afisa wa ustawi anatafuta michezo ya kuwatuliza raia katika Hali hii ya Hatari. Ametupa ukumbi na kibali cha mkusanyiko, mchana tu, watu wawe wamerudi makwao kabla ya kafyu. Nitaonyesha mauaji ya kweli, yale ya Mitunguu, huko Meru, Kiambi alipomuua rafiki yake Koome kwa ugomvi wa mfereji wa kumwagilia migomba. Yapata miaka tisa sasa. Kesi ile niliitafsiri mimi, tangu shahidi wa kwanza hadi hukumu ya kunyongwa. Kila neno ninalo kichwani.

Kasim atakuwa muuaji. Mimi nitakuwa jaji. Rahema atakuwa mtazamaji, kwa maana niliyoieleza hapo juu. Mwanamke aliyemwona mwanamume akiua hawezi kumpikia. Hoja imefungwa.

Alhamisi, 6 Juni

Kasim amekubali! Upesi mno, kwa kweli. Alicheka, akaniita sheikh wangu, akauliza kama muuaji hupewa chakula. Alitoa sharti moja tu, kwamba hatatumia kisu chake cha kazi. Kisu kikishainuliwa juu ya binadamu, hata kwa mchezo, nani atanunua nyama yake tena? Basi, tumemchongea cha mti.

Koome ataigizwa na Njagi, karani wa posta, Mwanglikana mpole anayetii agizo lolote apewalo. Sifa njema kwa maiti.

Kofia yangu ya kijaji imeshonwa kwa ngozi ya kondoo yenye sufu, mfano wa nywele za bandia za majaji. Ngozi ilitoka kwa Kasim. Inanuka.

Jumamosi, 8 Juni

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa. Walikuja hata watu wa kijiji cha Kibugu, vibali vya safari mkononi. Rahema alikaa safu ya mbele. Kasim alinyata nyuma ya Koome sawasawa na alivyoeleza shahidi wa tatu. Akainua kisu. Hapo ukumbi mzima ukapiga kelele: “Koome! Nyuma yako!”

Njagi akageuka. Bila shaka aligeuka; ni mtu wa adabu, akiitwa huitika. Wakatazamana. Kasim, kwa kukosa maagizo, akamuuliza habari za shamba. Njagi akajibu kwamba mvua imekuwa haba. Makofi!

Nilitoka nyuma ya pazia, sufu kichwani, nikawaeleza kwamba Koome alikufa, kwamba mahakama ilithibitisha kifo hicho, na kwamba kelele zao hazina nguvu kisheria. Mzee mmoja alisimama, akavua kofia, akasema kwa heshima zote kwamba kama Mitunguu siku ile kungekuwa na watu wengi kama hawa, Koome angekuwa hai. Wote wakaitikia. Nilitafuta kosa katika hoja yake. Bado nalitafuta.

Tukarudia. Safari hii Koome aliuawa, lakini jinsi gani! Kasim alimlaza taratibu kwa ubavu wa kushoto, akamwelekeza kibla, kama afanyavyo kila alfajiri machinjioni. Kisha akamwekea kiganja chini ya kichwa kisigonge sakafu. Nikumbushe kwamba Njagi ni Mwanglikana. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti, “Huyu muuaji ana adabu, jamani!”

Nikasoma hukumu. Uso wa Rahema sikuuona. Sufu ilikuwa imenishukia machoni.

Jumatatu, 10 Juni

Nilipita mbele ya bucha la Kasim kulitazama likiwa tupu. Limejaa! Foleni imefika kisimani. Kila mteja anamuuliza kwa nini alimuua Koome, naye anawajibu huku akipima ratili zao: ilikuwa maji, ilikuwa hasira, anajuta sana. Wanamwambia ajipe moyo. Mzee mmoja alimnunulia soda.

Mimi, kinyume chake, nasalimiwa kwa mbali. Ednah, anayeniletea maziwa, aliyaacha kizingitini akaondoka mbio. Nilimfuata nikitaka maelezo. Alisema, bila kunitazama, “Samahani Bwana Jaji, sikuwa nimekosa kitu.”

Nilinganishe. Kasim ameua, mimi nimesoma tu. Kasim anapewa soda. Sielewi.

Jumatano, 12 Juni

Mgeni: Mama Rwamba, mkulima wa Kibugu, na kuku chini ya kwapa. Mwanawe Muturi yuko kizuizini katika kambi ya Manyani, mwaka wa tatu huu. Ameniomba nimfungulie.

Nilimweleza tofauti iliyopo baina ya jaji, mkalimani, na mtu aliyevaa ngozi ya kondoo. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba anajua mimi si jaji, yeye si mjinga. Lakini majaji wenyewe hawana mlango anaoweza kuubisha. “Wako nimeuona, baba. Na maneno yao unayajua. Niambie neno moja tu wanaloliogopa.”

Nilipitia kichwani hukumu zote nilizowahi kutafsiri. Sikulipata. Nilimwambia arudi siku nyingine, jambo ambalo sijui kwa nini nililisema. Kuku alikataa kuondoka naye. Ametaga ndani ya kofia yangu.

Naamua: onyesho la pili, bila fujo. Gitari, homgadi, mgambo wa serikali mwenye mabega mapana, atasimama mlangoni na bunduki yake ili watu wakae kimya. Kasim hataruhusiwa kibla wala kiganja. Nami hukumu nitaisoma kwa Kimeru, neno kwa neno, kama Kiambi alivyoisikia. Rahema alizaliwa Nkubu, Meru kulekule. Ataielewa.

Jumamosi, 15 Juni

Kimya kilipatikana. Hata mno.

Kasim alinyata. Hakuna aliyepiga kelele. Akainua kisu cha mti, akangoja. Akawageukia watu kama anayeomba wamzuie. Walimtazama Gitari, wakatazama chini. Kasim akakishusha kisu, akakiinua tena. Mtu achinjaye ng'ombe kila alfajiri! Akakiangusha kisu, akasema hawezi, neno ambalo halimo katika ushahidi wowote. Akaketi chini akilia machozi ya kweli. Njagi, ambaye kufikia hapo alipaswa kuwa maiti, alimpigapiga mgongoni. Nilimtazama Gitari arejeshe nidhamu. Gitari alikuwa akipangusa pua kwa mkono wa shati.

Nikaliokoa igizo. Nilipanda kitini, nikasoma hukumu. Ni kweli kwamba hakuna aliyekuwa amekufa, na kwamba marehemu alikuwa ameketi akimfariji mshtakiwa. Lakini hukumu ni hukumu. Niliisoma yote, hadi kamba na shingo, bila kukwama popote.

Hakuna makofi. Watu walivaa kofia zao wakaenda nyumbani. Hatimaye, watazamaji kamili! Mama Rwamba alibaki wa mwisho. Safari hii hakuomba kitu.

Jumatatu, 17 Juni

Rahema ameniita mkahawani. Alinitilia sukari mwenyewe. Nikaona dalili njema. Kisha akasema ataolewa na Kasim.

Niliomba sababu. Aliniuliza badala yake kama kweli ni mimi niliyemwambia Kiambi, siku ile mahakamani, kwamba atanyongwa. Nikamjibu kwamba jaji alisema kwa Kiingereza, mimi nikasema kwa Kimeru. Akauliza kama sauti yangu ilikuwa kama ya Jumamosi. Nikamhakikishia kwamba ilikuwa hivyohivyo, sikuongeza wala kupunguza.

Akauliza Kiambi alisema nini.

Neno lake nililikumbuka vizuri, kwa kuwa halikuandikwa. Halikuelekezwa kwa mahakama. Kiambi aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika sikukosea. Huenda jaji alisema neno jingine. Nikamjibu kwamba mimi sikosei.

Rahema alipangusa meza. Haikuwa na kitu. “Na ukaenda wapi baadaye, Bwana Idrisi?” Nikamwambia: nyumbani, ilikuwa saa ya chakula. Akaendelea kupangusa.

“Basi ni kweli,” akasema. “Sauti ni ileile.”

Nilimshukuru. Ni watu wachache wanaotambua usahihi.

Jumatano, 19 Juni

Nimelipima jambo hili kwa utulivu na kosa nimelipata: ni kofia. Mwanamke mwenye mkahawa ana pua kali, nami nilimkaribia nikinuka kondoo. Nelius, fundi wa cherehani, atanishonea nyingine kwa pamba.

Arusi ni baada ya Idi. Bado kuna muda. Nitawazawadia maarusi igizo, tena la kweli, kesi ya bwana arusi aliyetiliwa sumu katika uji. Niliitafsiri pia. Kosa la kwanza lilikuwa kumfanya Kasim muuaji. Muuaji hulia, akahurumiwa. Safari hii Kasim atakuwa maiti tangu mwanzo, amefunikwa shuka, asiweze kulia wala kumwekea mtu kiganja. Njagi atakuwa uji. Yaani, atabeba uji. Jaji nitakuwa mimi. Hakuna mwingine mwenye sauti.

Fasili yangu nayo inahitaji marekebisho madogo. Nilisema mtazamaji ni yule asiyeweza kuzuia tendo. Lakini watu wa Embu walimwokoa Koome kwa kelele, na walipokaa kimya Kasim alishindwa kuua mbele yao. Hao si watazamaji. Niliwapitia waliokuwapo, ukumbini na mahakamani, mmoja mmoja, nikitafuta aliyeona yote, asitende, asizuie, kisha akavaa kofia yake akaenda kula. Nimebakiza mmoja tu ambaye sijui nimweke wapi, nalo ni suala la kitaalamu tu.

Je, mkalimani huhesabiwa miongoni mwa watazamaji?