Hukumu ya Wapagazi wa Anga, Sehemu ya Tisa

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimerudi kutoka msibani Tura. Treni imechelewa, mgongo umekufa ganzi, na kumbe huku nyuma nimepinduliwa. Sehemu ya tisa ya Wapagazi wa Anga imeonyeshwa Ijumaa kwenye banda la video la Sabiri, mimi sipo. Na Mwanne muuza vitumbua kakalia kiti changu!

Kiti cha kuegemea pale ni kimoja tu. Kwingine kote mabenchi. Nakikalia tangu sehemu ya kwanza, enzi za kanda, Sabiri hajaota ndevu. Sinema ile ni ya kwetu. Watu wanabeba mizigo kutoka nyota hii hadi nyota ile. Babu wa mama yangu alibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Bagamoyo. Babu wa Mwanne alikuwa fundi kofia. Huyo anajua nini kuhusu mzigo?

Mtaa mzima unabishana. Nusu wanasema nzuri, nusu wanasema imeharibiwa. Wakaniuliza mimi. Nikasema nimeshaiona. Mungu anisamehe, nilikuwa msibani.

Jumanne, 10 Juni

Sabiri kapitisha azimio. Ijumaa baada ya alasiri, mimi na Mwanne tutatoa hukumu mbele ya watazamaji. Atakayekubalika, kiti chake. Vizuri! Mwanne anasema mbaya. Basi ni nzuri. Hilo nimelikata kabla ya chai.

Imebaki kuiona tu. Nimempelekea Sabiri chupa ya asali, ile nyeusi ya msituni, akanipa flashi mbili, nyeusi na nyekundu. Sinema ni ndefu, dijei anayeitafsiri kaikata vipande viwili. Akaniambia bibi, anza na nyeusi. Nikamtazama. Mtoto niliyemkata kitovu mimi, leo ananifundisha pa kuanzia!

Jumatano, 11 Juni

Nimeanza na nyekundu.

Tumetazama kwa Siwema, mke wa mwanangu. Nimelia. Kamanda Zolo, niliyemlea sehemu nane, kakatwa mkono, kasalitiwa na lile bati lake linaloongea, kisha kajitosa ndani ya jua na mzigo kichwani. Kafa! Nikamwambia Siwema azime nipumue.

Baada ya ugali, nyeusi. Na huyu hapa Zolo! Mzima, anacheka, anafunga ndoa na yule binti wa kijani! Siwema akauliza mbona mkono umeota tena. Nikamwambia huko angani kuna madaktari, sio kama hapa. Akataka kusema kitu. Nikamwambia aendelee kuchambua mchicha.

Sinema kama hii haijapata kutokea. Mtu anakufa, anafufuka, anaoa! Mwanne alikuwa anatazama nini?

Ijumaa, 13 Juni

Banda limejaa. Vijana shikamoo zao leo zina adabu. Mwanne kaanza. Kwamba watengenezaji hawana haya, wametuonyesha harusi halafu wamemuua bwana harusi, tumeachwa wajane sote. Wakampigia makofi.

Nikasimama. Nikawaambia mmelala usingizi. Zolo kafufuka, kaoa, nimeona kwa macho yangu. Mwanne akauliza kwa upole, ule upole wake wa kuuzia vitumbua vya jana, kafufuka saa ngapi. Nikasema baada ya jua, kwenye nyeusi.

Sabiri akafunika uso.

"Theodora, shoga yangu," Mwanne akasema, "umeanza mwisho, ukamalizia mwanzo."

Banda zima likaangua kicheko. Hata Siwema! Kuna benchi limepinduka.

Mwingine angekwenda nyumbani. Mimi nikangoja wachoke. Kisha nikasema:

"Wapagazi wa kwetu walianza na taabu, wakamaliza na ngoma. Ninyi mnaanza na harusi mnamaliza na msiba, halafu mnakuja kunililia mimi. Kesho Sabiri aanze na nyekundu. Mkitoka na huzuni, Mwanne achukue kiti na kanga yangu juu."

Kanga yenyewe mpya. Mdomo huu!

Jumamosi, 14 Juni

Nimekaa kwenye benchi, mgongo unalia. Nyekundu ikaanza. Zolo akafa, watu wakaguna. Mwanne akageuka akaitazama kanga yangu, kama ananunua.

Ikaja nyeusi. Zolo akatokea mlangoni anacheka. Kijana mmoja nyuma akasema karibu tena, kamanda. Watu wakacheka, lakini cheko la furaha. Bati linaloongea likawa rafiki mwema, halijasaliti mtu. Mkono umerudi. Hakuna aliyeuliza! Ikafika harusi. Dijei akaanza kutaja ukoo wa bibi harusi kwa madoido, ngoma ikalia, na kigelegele kikapasua banda. Kigelegele cha kwanza! Nikageuka kuona ni nani.

Mwanne. Mkono mdomoni, machozi yanamtoka.

Aliponiona akajifanya anakohoa. Kigelegele hakikohoiki, mama. Banda lote limesikia.

Sabiri kabeba kiti yeye mwenyewe, kakifuta vumbi, kakiweka mbele. Nimekaa. Nimeegemea tu, taratibu, ili wote waone.

Jumatatu, 16 Juni

Mwanne kaniletea vitumbua, vya leo. Kakiri kuwa hivi nilivyopanga mimi imekuwa tamu zaidi. Nikamwambia nilipanga hivyo tangu Tura. Siwema akakohoa. Nimemtuma maji.

Sabiri kapita kusema sehemu ya kumi inaingia mwezi ujao, na Mwanne kashaanza kusema itakuwa nzuri. Basi nimemwambia Sabiri awatangazie watu kwamba ni mbaya, imeharibiwa, Zolo kazeeka na kisa hakieleweki.

Akauliza bibi, umeiona wapi.

Mtoto huyu haelewi kitu. Hukumu kwanza. Sinema nitaitazama baadaye.